Ameshindikana

Ofisini kwangu kuna benchi la mbao lililochorwachorwa majina na mioyo na watoto waliowahi kulikalia. Mzazi akija na mwanawe hukaa mwisho mmoja wa benchi, mtoto hukaa mwisho wa pili, na katikati hubaki nafasi ya mtu wa tatu. Shikamoo zinapita, hali zinaulizwa, halafu mzazi anashusha pumzi na kulitoa lile neno: "Mama Ustawi, huyu mtoto ameshindikana."

Mimi ni afisa ustawi wa jamii tangu 2003, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeitumia Arusha. Neno hilo nimelisikia kwa lafudhi ya Kimeru, ya Kiiraki, ya Kirangi, na kwa Kiswahili cha Tanga kinachopendeza hata katika lawama. Ilinichukua muda mrefu kulisikiliza sawasawa. Mzazi hasemi "nimeshindwa." Angesema hivyo tungejua aliyeshindwa ni nani, na pengine tungemuuliza ameshindwa na nini. Anasema "ameshindikana", kama tunavyosema juu ya bolti iliyoshika kutu au ugonjwa uliowachosha waganga. Mtendaji hayumo. Mimi si mtu wa sarufi, lakini kazi hii imenifundisha kukiogopa kile kimkia cha -kana.

Ukimuuliza ameshindikana kwa lipi, majibu ni yaleyale. Haendi shule. Analala nje. Anashinda kwenye banda la video. Ameondoka nyumbani siku tisa na amerudi ananuka petroli. Ana bwana. Hajibu akiitwa. Yote hayo yanauma, na sitaki kumdharau mama aliyekesha usiku akisikiliza mlango. Lakini baba mtu akiamua kutokwenda kazini wiki nzima atakatwa mshahara, basi; hakuna difenda itakayokwenda kumtoa kitandani. Mama akiondoka jioni akarudi alfajiri, majirani watasema, polisi hawatasema. Mtoto akifanya hayohayo anaandikiwa jalada. Mimi huyaita makosa ya umri: kosa lenyewe ni kuwa na miaka 13 wakati unapolitenda.

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009 haiyaiti makosa. Kifungu cha 16 kinamweka mtoto anayezurura bila makazi, na yule anayeombaomba, katika orodha ya watoto wanaohitaji matunzo na ulinzi. Kwa lugha ya kazini, huyo ni wa kwangu, si wa polisi. Shida ni kwamba ipo pia Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, tuliyoirithi kwa Waingereza, iliyoanza kutumika 1945. Vifungu vyake vya 176 na 177 vinahusu wazururaji na watu wasio na kazi ya kueleweka. Kwenye karatasi, kwa mtoto, ile ya 2009 ndiyo inayopaswa kushinda. Stendi saa kumi alfajiri, wakati wa msako, inashinda ile ambayo askari aliisoma chuoni.

Ndivyo nilivyokutana na Issa. Hilo si jina lake.

Ilikuwa Oktoba 2011. Askari mmoja wa kike alinipigia simu kutoka kituo nisichokitaja. "Dada, njoo uone. Kuna kijana anasema ana miaka 18, mimi naona ananidanganya." Nilimkuta amechuchumaa kwenye korido. Alivaa fulana ya kampeni za uchaguzi wa mwaka uliotangulia, inamfika magotini, na ndala mbili za rangi tofauti, zote za mguu wa kushoto. Sauti ilikuwa bado ya kitoto. Alikuwa amelala siku mbili selo, pamoja na watu wazima.

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na nane."

"Umezaliwa mwaka gani?"

Akanyamaza. Niliona vidole vinahesabu chini ya fulana.

Baadaye alinieleza nani alimfundisha. Mle selo wakubwa walimwambia: ukisema wewe ni mtoto utapelekwa jela ya watoto huko Mbeya, hutoki mpaka uote ndevu, sema wewe mkubwa, utatozwa faini, utaondoka. Walichokuwa wanakiita jela ni Shule ya Maadilisho Irambo, ambayo ni moja tu nchi nzima, na huwezi kupelekwa kule kwa sababu ulilala chini ya basi. Sheria ya 2009 inasema wazi kwamba mtoto hapewi adhabu ya kifungo. Lakini hakuna mtu mzima aliyekuwa amemwambia hivyo kwa lugha anayoielewa, na wale waliokuwa tayari kuzungumza naye walikuwa wezi. Usiku wa pili walishamfundisha na mengine.

Alitafutwa baba yake mdogo, mtu wa mitumba. Alikuja na hasira ya mtu aliyefunga meza yake siku ya soko. Alisema mtoto alimfikia mwenyewe kutoka Kondoa, bila kuitwa, akakaa naye miezi michache, akatoroka. Akamalizia kwa lile neno. Nami nikaandika taarifa yangu, nusu ukurasa: mtoto ni mkaidi, hapendi shule, ana tabia ya uzururaji, ameshindikana katika malezi. Siku hiyo nilikuwa na majalada mengine manne mezani na gari la idara halikuwa na mafuta. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hivyo ndivyo taarifa nyingi zinavyoandikwa hadi leo. Neno la mtu mwenye hasira lilipigwa mhuri wa serikali, na saini iliyo chini yake ni yangu.

Issa akakabidhiwa kwa baba yake mdogo. Alilala siku tatu. Ya nne alikuwa stendi, na safari hii alikuwa na wenyeji.

Wanaoagiza misako huniambia kwamba lengo ni kusafisha mji. Sina ugomvi na mji msafi. Ninachokiona mimi ni kwamba kabla ya msako mtoto wa stendi anawajua watoto wenzake, mama ntilie anayempa ukoko, na konda anayemtuma maji. Baada ya msako anawajua wavunja maduka. Anatoka na upele mwilini na, mara nyingi kuliko tunavyopenda kuandika, na jambo alilofanyiwa usiku ambalo hatalisema mpaka mwaka upite. Anatoka pia akijua kwamba mtu mwenye sare na mtu mwenye faili ni kitu kimoja. Hapo mimi ndiye ninayepoteza zaidi, maana kazi yangu yote inategemea mtoto aniambie ukweli.

Kurudishwa kwao nako tunakusifia kupita kiasi. Ukisoma ripoti zetu za robo mwaka utaona safu ya "watoto waliounganishwa na familia" na tarakimu zinazoridhisha. Niliwahi kumpeleka mvulana Singida kwa basi, nikamkabidhi kwa mwenyekiti wa kijiji, nikala ugali kwao, nikapiga picha. Nililala huko siku moja zaidi kwa sababu nilikuwa na ndugu. Niliposhuka Arusha nilimkuta stendi ananisubiri nimpe pole ya safari. Alikuja na lori la vitunguu. Katika ripoti bado anahesabiwa kuwa ameunganishwa.

Mtoto hakimbii "mtaani". Anakimbia kitu fulani, na kitu hicho kina anuani. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika 2009, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wetu, wa kike na wa kiume, walipigwa au kuumizwa kimwili kabla ya kufika miaka 18. Kwenye semina tulipoonyeshwa takwimu hiyo, ukumbi ulicheka kidogo, kicheko cha watu wanaosema na sisi tulipigwa, mbona tuko hapa. Nilicheka pia.

Shule moja ya msingi pembezoni mwa jiji iliniletea binti wa darasa la sita na barua yenye maneno mawili yaliyopigiwa mstari: mtoro sugu. Mwanafunzi asipoonekana siku 90 mfululizo hufutwa shuleni. Huyu hakuwahi kukaribia idadi hiyo. Alikuwa anapotea na kurudi, anapotea na kurudi, akakonda kwa fimbo za kupotea. Mama yake yuko Dar es Salaam, anafanya kazi za ndani. Binti mwenyewe kila swali alinijibu "sijui."

Niliomba daftari la mahudhurio. Watu hulidharau daftari lile, lakini likifunguliwa miezi sita kwa pamoja linazungumza. Nikaweka rula chini ya jina lake na kufuata alama nyekundu. Mtoto anayevutwa na banda la video anakosa hovyohovyo, Jumatatu hii, Alhamisi ile. Huyu alikosa wiki nzima, akahudhuria wiki tatu bila kasoro, akakosa tena wiki nzima. Mara tano mfululizo. Utoro wake ulikuwa na ratiba.

Nikauliza ni kitu gani hapo shuleni kinazunguka kila baada ya wiki nne. Mwalimu mkuu alifikiri, kisha akaenda mwenyewe kabatini akaleta daftari la zamu. Tuliyaweka madaftari mawili bega kwa bega mezani. Kila wiki aliyokosa, mwalimu wa zamu alikuwa yuleyule. Mwalimu mkuu hakusema kitu. Aliendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Yaliyobaki nilielezwa na majirani. Binti aliishi na bibi aliyepooza upande mmoja. Aliamka saa kumi na moja, akamgeuza, akamsafisha, akampikia uji na kumlisha kijiko kwa kijiko, na mtu aliyepooza halishwi haraka. Shuleni alifika saa mbili na dakika ishirini. Walimu watatu wa zamu walimwambia pita haraka darasani. Wa nne alikuwa na kokoto getini. Wachelewaji walipiga magoti juu yake hadi saa nne, halafu fimbo zikafuata. Kanuni za 2002 zinasema viboko visizidi 4, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Kitabu hicho nilikiulizia. Kilikuwepo, kipya kabisa.

Basi binti alipiga hesabu zake. Kuchelewa ni kosa, kutokwenda ni kosa, lakini la pili haliumi magoti. Ningekuwa na miaka 12 ningefikia jibu hilohilo. Tulilitatua bila mahakama na bila semina: kokoto iliondolewa, mhudumu wa afya wa mtaa akaanza kumpitia bibi asubuhi, na jirani mmoja, mama mwenye maneno mengi na moyo mkubwa, akachukua zamu ya uji siku mbili kwa wiki. Binti hakugeuka mwanafunzi bora. Aliendelea kuchelewa. Alimaliza darasa la saba.

Wapo pia wanaokimbia kitu chenye sherehe. Wa mwisho aliyenipitia alikuwa na miaka 14, alitoka upande wa Manyara usiku kwa miguu kwa sababu aliona ng'ombe wageni zizini na akaelewa maana yake. Baba alikwenda polisi kuripoti binti aliyetoroka nyumbani. Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi la 2016, ilishasema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti wa miaka 14 au 15 kuolewa vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo 2019. Ila kitabu cha matukio hakisomi hukumu. Humo binti aliandikwa mtoro, na aliyepokea ng'ombe aliandikwa mlalamikaji.

Siwezi kujifanya nayatazama haya kwa macho makavu. Mwaka 1983, wakati wa Operesheni Nguvu Kazi, ule msako wa watu wasio na kazi mijini, nilikuwa na miaka tisa, tunaishi Magomeni. Kaka yangu wa miaka 17 alikuwa amemaliza shule, anasubiri kazi, na kusubiri hakukuwa na kitambulisho. Siku tatu alikaa juu ya dari na kopo la maji. Mama alitufundisha la kusema: kaka kaenda Morogoro kwa shangazi. Mgambo walipokuja nilisema hivyo bila kupepesa, na mmoja alinishika kichwa akasema mtoto mzuri. Ndiyo maana nikimwona mtoto anayejua kujificha na kudanganya vizuri, sikimbilii kuandika kwamba ana hila. Nami nilikuwa nazo, nikasifiwa.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapahapa Arusha. Tarehe 4 Desemba 2020 ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji za aina hii yetu zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na ule wa Haki na Ustawi wa Mtoto pia. Niliyachapa maoni hayo, nikapigia mstari sehemu ya watoto, nikampelekea afande mmoja ninayemheshimu. Alisoma mbele yangu, taratibu, hadi mwisho. "Dada, hii imekaa vizuri," akasema. "Lakini kesho bosi wangu ataniuliza nimekamata wangapi, hataniuliza nimewaacha wangapi." Hakuwa ananikejeli. Alikuwa ananieleza kazi yake.

Issa alirudi mikononi mwetu Desemba 2012. Sasa alikuwa na kosa la kweli: vioo vya pembeni vya magari, viwili, ndani ya mfuko wa unga. Umri wake tulishaupata, miaka 13. Hakimu wa mahakama ya watoto aliagiza taarifa kamili ya uchunguzi wa kijamii, na katika jalada akaikuta ile nusu ukurasa yangu. Aliisoma, akanyanyua miwani. "Mama, hapa umeandika ameshindikana. Alishindikana na nani?"

Sikuwa na jibu. Niliomba siku 14.

Nilikwenda mahabusu ya watoto na sikumuuliza kwa nini alitoroka. Swali hilo ameshaulizwa na kila mtu mwenye kalamu, na lina mashtaka ndani yake. Nilimuuliza siku aliyoondoka Kondoa asubuhi alikula nini. Alishangaa. Kiporo, akasema, na chai ya rangi. Halafu? Halafu akaenda kuchunga. Mbuzi wa nani? Wa jirani, watatu, kwa malipo ya kuvaa na kula. Ikawa jua kali, akakaa chini ya mkwaju, usingizi ukamchukua. Alipoamka mbuzi hawapo. Aliwatafuta mpaka koo likakauka. Mwaka uliopita mvulana mwingine alipoteza mbuzi mmoja wa mtu yuleyule, na Issa aliuona mgongo wa mvulana yule. Mmoja. Yeye alikuwa amepoteza watatu. Hakurudi hata kuaga. Alikwenda moja kwa moja barabarani, akadandia lori la mahindi.

"Baba mdogo ulimwambia?"

"Angewalipa na nini?"

Januari 2013 nilipata mafuta ya gari. Barabara ya Kondoa ilikuwa bado ya vumbi, nilifika nikiwa na nywele nyekundu. Bibi yake Issa alinikaribisha kwenye kigoda, akanipa maji ya kunawa kabla ya neno lolote. Alisema wajukuu siku hizi ni wa mjini tu, wakisikia honi wanaondoka, na huyu naye mji ulimwita. Mwanawe alipopiga simu kusema mtoto amefika Arusha, walishukuru Mungu wakanyamaza. Nilimuuliza kuhusu mbuzi waliopotea.

"Mbuzi gani?"

"Wale watatu. Siku aliyoondoka."

Alinitazama kama mtu anayetafuta kama mgeni ana homa. "Hakuna mbuzi aliyepotea, mwanangu. Magharibi ile walirudi wenyewe. Mbuzi anajua kwao."

Taarifa ya pili niliyoiandika ilikuwa na kurasa saba, na lile neno halimo. Mahakama ilimwachia Issa kwa masharti, chini ya uangalizi wangu, na tulihangaika naye miaka mitatu, mingine mizuri, mingine mibaya. Ila kabla ya shauri kuitwa nilipita mahabusu ya watoto nikiwa bado na vumbi la Kondoa kwenye viatu. Alikuwa anafua. Nilimwambia tukae.

"Mbuzi walirudi," nikasema.

Aliendelea kukamua shati ambalo halikuwa na maji tena.

"Wote watatu?"

"Wote watatu. Magharibi ileile."

Akanyamaza kitambo, anachora sakafu kwa kidole cha mguu.

"Na yule mwekundu? Alikuwa na mimba."

Sikuwa nimeuliza.